Kabla ya kununua hisa, uliza rodiamu inavuja kiasi gani

Madini ya rodiamu, ambayo kwa sehemu kubwa huchimbwa Afrika Kusini, yamewatoa jasho wafanyabiashara wengi. Katikati ya mwaka 2008 wakia moja ilifikia karibu dola 10,000 za Marekani; kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 1,000. Machi 2021 bei ilivuka dola 29,000. Wanunuzi wakubwa ni watengenezaji wa magari, lakini viwanda vya kemikali navyo huyatumia kama kichocheo.

Ughali huo ndio unaozipa soko polima zenye fosforasi, yaani plastiki maalumu zinazotengenezwa ili zishike rodiamu ndani ya mtambo wakati bidhaa inatoka. Wazo hili ni la siku nyingi. Mwaka 1971 Robert Grubbs na mwenzake, huko Marekani, walichapisha matokeo ya kupachika fosforasi katika punje za polistirini na kuifunga rodiamu humo.

Tatizo ni kwamba mshiko hulegea. Oksijeni ikipenya, fosforasi hupoteza nguvu zake, na rodiamu huanza kutoka pamoja na bidhaa. Kwa bei ya Machi 2021, gramu moja ilizidi dola 930. Mtambo wa tani 100,000 kwa mwaka, ukivujisha gramu moja tu kwa kila tani, ungepoteza zaidi ya dola milioni 93.

Ndiyo maana kampuni ya Ruhrchemie ya Ujerumani haikuzisubiri punje hizo. Mwaka 1984, mjini Oberhausen, ilianza kutumia fosforasi inayoyeyuka katika maji. Rodiamu hubaki majini, na bidhaa hujitenga juu kama mafuta.

Hata hivyo, polima hazijashindwa. Mwaka 2020 kiwanda cha Ningbo, China, chenye uwezo wa kutoa tani 50,000 za propanoli kwa mwaka, kilianza kutumia rodiamu iliyoshikwa na polima ya aina hii. Tofauti ni kwamba safari hii fosforasi haikupachikwa baadaye. Ni sehemu ya tofali lenyewe linalojenga polima. Kutoka maabara hadi kiwandani ilichukua karibu miaka 50.

Mwekezaji mdogo anayeletewa waraka wa matarajio wa kampuni ya aina hii asiridhike na sifa za hataza. Aulize mambo matatu: gramu ngapi zinapotea kwa kila tani, kichocheo kimefanya kazi saa ngapi mfululizo, na hesabu za faida zimefanywa kwa bei gani ya rodiamu. Wakia ikishuka hadi dola 1,000, gramu ile ile ni dola 32 tu, na faida ya kuizuia isivuje hushuka nayo.

Asipojibiwa kwa tarakimu, afunge mkoba wake.