Magazeti ya Kale na Utafiti wa Nasaba: Tahadhari ya Kiisimu

Wapo watafiti wa historia za koo wanaoyachukulia magazeti ya kale ya Kiswahili kuwa daftari la vizazi na vifo. Yaliyomo yanashawishi kweli. Kiongozi, lililotolewa Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, na Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, yalipokea habari za walimu, makarani na wasomaji wa majimboni. Familia nyingi hazina maandishi mengine ya wakati huo.

Hata hivyo, ushahidi huo haufai kutumika kabla ya kupita mikononi mwa mwanaisimu. (Wanahistoria watasema navutia kamba upande wangu, na wavumilie.) Hata baada ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, majina ya watu hayakufuata tahajia moja. Saleh, Salehe na Swalehe waweza kuwa mtu mmoja. Atafutaye umbo moja tu atampoteza babu yake.

Hilo ni dogo. Kubwa ni istilahi za udugu. Mwandishi wa barua asemapo "ndugu yangu", huenda anamkusudia mtoto wa mama yake, mtoto wa baba mdogo, au mtu wa kijiji chake tu. "Baba" naye yumkini ni baba mkubwa. Barua itokayo Masasi au Newala yahitaji uangalifu wa pekee: kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, ambao kwa jadi ukoo hufuata upande wa mama, mjomba anayeombolezwa ndiye kiungo cha nasaba, ilhali mtafiti aliyezoea kufuata jina la baba humruka. Madhara yake hayaishii chuoni. Katika shauri la mirathi au la shamba, kipande cha gazeti chenye neno "ndugu" chaweza kumnyima mtu haki yake.

Kwa wanawake hali ni ngumu zaidi. Mara nyingi mwanamke hutajwa kuwa binti au mke wa fulani, jina lake likabaki nje ya ukurasa. Hapo bibi mzee wa ukoo ana thamani kuliko majalada yote. Wanafunzi wetu wa uzamili wamhoji yeye kwanza, ndipo waende maktaba wakiwa na maumbo yote ya jina, majina ya vijiji kabla ya watu kuhamishwa katika operesheni za miaka ya 1970, na swali hili: aliyeandika "ndugu" alizungumza lugha gani nyumbani kwake?