Uhuru wa Mpiga Ala

Msomaji, wako watu wadhanio kuwa palipo na uhuru hapana sheria. Dhana hiyo ni ya uvivu, nami nataka kuipinga kwa ushahidi wa muziki.

Kati ya mwaka 1963 na 1967, Mwingereza Cornelius Cardew alitunga kazi iitwayo Treatise, iliyoanzia katika kitabu cha mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein kilichochapishwa mwaka 1921. Ina kurasa 193 za michoro: mistari, miviringo, namba, na alama za muziki zilizopotolewa. Mstari wa katikati wapita karibu kurasa zote kama uti wa mgongo. Mtungaji hakuambatisha maelezo ya namna ya kupiga, wala hakutaja ala. Waweza kuipiga kwa zumari, kwa kinanda, kwa ngoma, au kuiimba.

Hapo mvivu hushangilia: “Basi nitapiga nipendavyo!” La hasha! Ukiamua kuwa mviringo ni pigo la ngoma, kisha ukurasa wa pili ukaufanya mluzi bila sababu, hukusoma, umebwabwaja. Wapigaji hawana budi kuketi kwanza, wakubaliane maana ya kila alama, kisha wasikilizane na kulitimiza neno lao. Apigaye noti zilizoandikwa hutii amri ya mwingine. Apigaye michoro hii hutii ahadi yake mwenyewe. Lipi gumu zaidi? Wewe mwanafunzi walijua jibu. Kusoma mwalimu akiwapo darasani ni jambo jepesi. Kusoma asipokuwapo ndio mtihani.

Wapinzani watasema kwamba mtungaji mwenyewe aliikana kazi yake. Ni kweli. Katika kitabu chake cha mwaka 1974 aliishutumu, kwa kuwa sasa alitaka muziki uwatumikie wafanyakazi. Nayaheshimu majuto yake, lakini mti haukatwi kwa sababu aliyeupanda amechoka na matunda yake. Hata wimbo wa wafanyakazi huharibika waimbaji wasiposikilizana.

Basi usicheke kabla ya kujaribu. Chora mstari mmoja ubaoni, upande na kushuka. Waite wenzako wanne, kila mmoja na ala yake. Kubalianeni maana yake, kisha upigeni mara mbili. Mkivurugana, msiulaumu mstari. Mtakuwa mmeona kwamba uhuru mliupewa, bali nidhamu hamkuja nayo.