Mwanafunzi si Mfereji

Kuna dhana iliyorudiwa katika tasnifu zetu za fasihi simulizi hadi ikawa kama kanuni: kwamba anayehifadhi mafundisho ya mwalimu wake hupokea na kupitisha tu, mithili ya mfereji upitishao maji. Dhana hii inapotosha, na haina budi kukataliwa.

Tuanzie mbali. Isaac Luria, bingwa wa Kabbala, yaani elimu ya siri za kiroho za Kiyahudi, alifika Safed mwaka 1570 na kufariki mwaka 1572. Aliandika machache mno. Hayyim Vital, aliyesoma kwake kwa muda usiotimia miaka miwili, ndiye aliyeyaandika mafundisho hayo kwa wingi. Kwa hiyo Luria tunayemsoma ni, kwa sehemu kubwa, Luria wa Vital. Mwanafunzi mwenzake, Yosef ibn Tabul, alimwandika kwa namna nyingine. Kuchagua, kupanga na kunyamazia ni kazi za mtunzi.

Na hapa kwetu je? Serikali ya kikoloni ilipopiga marufuku Dini ya Msambwa mwaka 1948 na kumtia kizuizini Elijah Masinde, neno lake lilibaki vinywani mwa wafuasi. Lukas Pkiech alilivusha hadi kwa Wapokot, akalitia katika lugha na matumaini ya watu wengine, hata akauawa Kolloa mwezi Aprili 1950. Huyo naye alikuwa mfereji?

Mtafiti anayemrekodi mzee wa dini hiyo huko Kibomet, kisha akaandika "Masinde alisema", anakosea mara mbili. Anamvika Masinde maneno ambayo huenda si yake, na anamnyang'anya mzee utunzi wake. Kuhifadhi neno lililopigwa marufuku ni zaidi ya kukumbuka: ni kuamua, mbele ya hatari, lipi litamkwe, kwa nani na lini.

Tutajibiwa kwamba mzee mwenyewe huapa hakuongeza neno. Naam; lakini unyenyekevu huo ni kaida ya sanaa yake, nao ndio humpa idhini ya kusema. Mhakiki anayeuchukua kuwa ushahidi hajahakiki, amesadiki.

Basi tasnifu isiyoeleza mwanafunzi alilifanyia nini neno alilolipokea, watahini wairudishe kwa mwandishi wake.