Kura ya mahabusu (sehemu ya 5)

Post iliyopita ilikuwa ya bima, leo naingia magereza. Najua wengine mtaninunia, ila someni kwanza.

Hapa Ilongero ukisema mfungwa apige kura unajibiwa: si ameshapoteza haki zake huyo? Jamani, amepoteza uhuru wa kutembea. Uraia hajapoteza. Ibara ya 5 ya Katiba inampa kura kila raia mwenye miaka 18, na inaruhusu Bunge kumzuia aliyetiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai. Sheria ya zamani haikutaja makosa, ilihesabu miezi: kifungo kikizidi sita, huna kura. Tito Magoti na John Tulla wakaenda Mahakama Kuu, Desemba 2022 wakashinda. Uchaguzi wa Oktoba 2025 Tume ikatangaza kuandikisha mahabusu na wafungwa wa chini ya miezi sita. Ni hatua, sibezi. Ila miezi sita si ndiyo ile ile tunaendelea kuihesabu?

Kinachoniuma zaidi ni mahabusu. Sisi manesi tunawapata wodini, pingu kwenye kitanda, askari kwenye benchi pembeni. Kesi ya mauaji haina dhamana, upelelezi haujakamilika, mtu anakaa miaka. Mmoja aliniambia, "Nesi, kesi yangu haijasikilizwa, ila kura za 2019 na 2020 zilinipita humu humu." Huyo kisheria hana hatia!

Askari wake alisikia. Mi nilidhani atapinga, kumbe wala. Alisema, "Wapige tu dada, shida ni lawama. Wakichagua upande mmoja tutaambiwa tumewalazimisha."

Ana hoja. Redio ya gerezani anayeiwasha ni nani? Mgombea anaingiaje kuomba kura? Kwa hiyo mi naona mawakala wa vyama vyote waingie, na askari wakae mbali kabisa na kituturi. Hiyo inamlinda mfungwa na inamlinda askari pia, maana naye ni raia, ana kura yake na hataki kusingiziwa.

Wenzetu Kenya wafungwa walipiga kura ya maoni ya Katiba tangu 2010.

Halafu wanasheria mliomo humu, nijibuni: kijana wa Ilongero akiwa mahabusu Singida mjini, diwani wa kumpigia ni wa kata gani?