Ghala la Nabii Yusuf na kiburi cha kamati zetu



Ndugu zangu katika imani, leo maneno yangu ni kwa kamati za misikiti, vikundi vya kina mama na vijana wa madrasa. Baadhi yetu yatatuchoma. Nivumilieni mpaka mwisho, kisha mnijibu kwa hoja.

Ramadhani tunaiweza. Mwezi mtukufu ukiingia kila msikiti una vifurushi vyake: unga, mchele, sukari, mafuta, tende. Lori linashusha mzigo, picha zinapigwa, mjane anasimamishwa mbele ya bango aonekane akipokea. Idi ikipita, stoo inatiwa kufuli. Lakini mjane wa Ramadhani ndiye huyo huyo mjane wa Mfungo Mosi, na wa Mfungo Pili, mpaka Rajabu. Tumbo lake halifuati kalenda yetu.

Na ule unga tunaununua dukani kwa bei ya rejareja, kila msikiti kivyake, huku chakula kizuri kinatupwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Nairobi, lilieleza katika ripoti yake ya 2024 kwamba mwaka 2022 dunia ilipoteza tani zaidi ya bilioni 1 za chakula madukani, mahotelini na majumbani. Hiyo ni karibu sehemu 1 katika kila 5 ya chakula kilichomfikia mlaji. Mwaka huo huo watu milioni 783 walikuwa na njaa. Allah amekataza israfu, na amewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani (Surat al-Israa, aya ya 27). Je, anayeona chakula kinatupwa na ana uwezo wa kukiokoa, naye akanyamaza, atasema nini kesho?

Dawa ipo, nayo ni benki ya chakula. Hii si benki ya pesa wala ya riba. Ni ghala kubwa la eneo zima. Mkulima, kiwanda au duka lenye ziada hupeleka huko, na vikundi vilivyosajiliwa huchukua kuwapelekea wenye haja. Ya kwanza ilianza mwaka 1967 mjini Phoenix, Marekani. Hapa kwetu ipo Food Banking Kenya tangu 2017. Miongoni mwa kazi zake ni kuokoa mboga na matunda shambani, mazao mazima kabisa ambayo wanunuzi wa ng'ambo wameyakataa kwa sababu tu umbo au ukubwa haukuwapendeza.

Sasa sikilizeni vizuri. Benki ya chakula haibishi hodi nyumba kwa nyumba. Ina ghala, ina gari, lakini haijui nani mtaani kwenu amelala na njaa jana. Hayo anayajua imamu, anayajua ustadhi wa madrasa, wanayajua kina mama wa darsa. Wao wana chakula bila mlango, sisi tunaijua milango bila chakula. Kipi kinatuzuia kukutana? Nimesikia visingizio vitatu.

Cha kwanza: "Wale si wenzetu." Ni kweli, ile ya Phoenix ilianza kwa msaada wa kanisa. Haya, tusome Surat Yusuf. Nabii Yusuf (a.s.) aliomba asimamie maghala ya nani? Ya mfalme wa Misri, asiyekuwa wa dini yake. Hakusema ngojeni nijenge ghala la Bani Israil peke yao. Na Mtume wetu (s.a.w.) kabla ya utume alihudhuria Hilful Fudhul, mapatano ya watu wa Makka kumtetea aliyedhulumiwa. Baadaye, akiwa Mtume, alisema kwamba hata katika Uislamu angeitwa kwa jambo kama lile angeitikia. Allah ametuamrisha kusaidiana katika wema na uchamungu (al-Maida, aya ya 2). Kumlisha yatima si wema?

Cha pili: "Watatukagua." Ndiyo, watakagua, na wana haki. Hiki ni chakula cha watu, ni amana. Yusuf alijieleza kwa mfalme kwa sifa mbili: mlinzi na mjuzi. Hakutosheka na kusema mimi ni mtu mwema. Aliagiza nafaka iachwe katika mashuke yake isiharibike, na alipima kwa kila mtu mzigo wa ngamia mmoja. Huko ndiko kuhifadhi na kuweka hesabu! Mwaka 2004, Ukambani na jirani zake, mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu yaliwapata watu 317, wakafa 125. Anayelaza magunia kwenye sakafu yenye unyevu kisha akasema "tumtegemee Allah" hajafahamu tawakkul. Mtume (s.a.w.) alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza.

Cha tatu hawakisemi kwa sauti: "Jina la msikiti wetu litapotea." Hapa ndipo penye ugonjwa. Kabila la Ash'ari, chakula kilipowapungukia, walikusanya walichonacho chote katika nguo moja, wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Mtume (s.a.w.) akasema hao ni wake na yeye ni wao. Nani katika wao aliuliza mfuko wake utaandikwa jina gani? Na watu wema wa Surat al-Insan wanalisha masikini, yatima na mateka, hawataki malipo wala asante. Sisi tunataka asante, tena na picha!

Kwa anayetaka kutenda, njia ni hii.

1. Sajilini kikundi. Kenya ina sheria ya mwaka 2022 ya kusajili vikundi vya jamii. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi. Benki haimpi mtu chakula kwa sababu ana kanzu na ndevu.

2. Tengenezeni stoo. Iwe kavu, yenye kufungwa, magunia juu ya mbao na mbali na ukuta, pasiwe na panya. Kama hamna friji, semeni ukweli, mpewe vikavu.

3. Wekeni daftari: nyumba ngapi, watu wangapi, kimeingia nini, kimetoka nini, siku gani. Aibu ya mtu isitoke nje ya daftari hilo.

4. Chagueni wawili wa kupokea simu na kwenda kuchukua siku ile ile. Mboga mbichi hazingoji kikao cha kamati. Pesa za usafiri zichangwe mapema.

5. Hakuna kuuza, hakuna kumpa jamaa wa mwenyekiti kwanza, hakuna kumuuliza mtu dini au chama chake. Jirani Mkristo mwenye njaa ni jirani, na jirani ana haki.

6. Elezeni mapema kwamba nyama isiyojulikana uchinjaji wake hamtaichukua. Someni maandishi ya pakiti. Mkisema kwa adabu mtaelewana.

7. Msichanganye na zaka. Zaka ina wenyewe wanane (at-Tawba, aya ya 60) na hesabu yake ni mbali. Chakula cha benki hakikuondolei zaka yako hata kibaba kimoja.

Vifurushi vya Ramadhani viendelee, Allah avipokee. Ninachokataa ni kushiba sifa za mwezi mmoja na kuwafungia watu mlango miezi kumi na mmoja.

Ijumaa hii, baada ya swala, muulize mwenyekiti wa kamati yako kwa heshima: kikundi chetu kimesajiliwa? Stoo yetu ina nini leo? Akikasirika, mwambie ni swali la shekhe, anijibu mimi.

Ewe Mola, tujaalie walinzi na wajuzi wa riziki za waja wako, na utuepushe na riya. Amin.

Wabillahi tawfiq.