Soma Marekani, lakini anzia Gachoka

Umemaliza KCSE, uko Gachoka, unachagua kozi za chuo kikuu kwa simu. Macho yanakwama kwa fasihi, filamu na muziki, na ndani yake somo la utamaduni pendwa wa Marekani. Hip hop? Hollywood? Hayo si unayajua tayari! Unamwambia mzee, naye anauliza: "Niuze ndengu na muguka ndio ukasomee nyimbo?"

Usimcheke. Mbeere mvua ni ya kubahatisha. Na mwaka 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipopiga marufuku muguka, wakulima wa huku waliona soko lao likiyumba. Karo inayotoka kwa shamba kama hilo si ya kuchezea.

Lakini kuskiza muziki ni kitu kimoja, kuusoma ni kingine. Ukiusoma unauliza: nani aliuanzisha, nani anauuza, pesa zinaishia wapi, na mbona umetunasa sisi?

Chukua hip hop. Ilianzia Bronx, New York, mwaka 1973, kwenye pati za DJ Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika. Kumbe hata hicho tunachokiita cha Marekani kilibebwa na mhamiaji. Miaka ya 1990, Kalamashaka wa Dandora waliichukua wakaitia Kiswahili, wakaeleza ugumu wa maisha ya mtaa wao. Mwaka 2009, msomi Mkenya Mwenda Ntarangwi akachapisha kitabu kizima kuhusu hip hop ya Afrika Mashariki. Huyo hakuwa anapoteza wakati.

Wala mjadala huu si mpya. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ivunjwe. Hawakusema tufunge mlango kwa fasihi ya wengine. Walisema Afrika, pamoja na fasihi simulizi yake, ikae katikati, halafu ndio tutazame Karibiani, Marekani na kwingineko tukiwa tumesimama hapa.

Hapo ndipo kozi nyingine zinateleza. Komredi anakupa maisha ya Tupac tangu utotoni, lakini hajawahi kumuuliza nyanyake ngoma za Wambeere zilichezwa lini na kwa nini. Huyo hajasoma utamaduni. Amekuwa shabiki mwenye digrii.

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu: isome, lakini kwa masharti. Kabla KUCCPS haijafunga maombi, tafuta orodha ya masomo ya kozi hiyo. Afrika Mashariki imo? Utafundishwa kurekodi, kuhariri, kuandika na sheria za hakimiliki, au ni kutazama filamu tu? Muulize aliyemaliza anafanya kazi gani sasa. Ukikosa majibu, tafuta kozi nyingine.

Na ukiingia, mradi wako wa utafiti ulete huku. Chunguza kwa nini nyimbo za Jim Reeves, aliyefariki mwaka 1964, bado zinapendwa na wazee wetu. Rekodi waimbaji wa Kiritiri, kwa idhini yao, na majina yao yaandikwe. Kazi hiyo hakuna profesa wa Marekani atakayekuja kukufanyia.