Insulini Mkononi mwa Mzee Anayesahau

Ugonjwa wa sukari hutibiwa nyumbani. Daktari huandika dawa, lakini anayepima damu alfajiri, anayevuta insulini kwenye bomba la sindano na anayepaswa kukumbuka kama ameshajidunga au bado ni mzee mwenyewe, chumbani kwake Kinama, mtaa wa Bujumbura. Akisahau akajidunga mara mbili, sukari hushuka ghafla na anaweza kufa kabla jirani hajabisha hodi. Kituo cha afya kinachompa insulini bila kuuliza hali ya kumbukumbu yake kimefanya nusu ya kazi.

Na kumbukumbu hiyo imo hatarini. Sukari iliyozidi kwa miaka huharibu mishipa midogo ya damu, ya macho na figo, na ya ubongo vilevile. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilitaja kisukari miongoni mwa mambo 14 yanayochangia maradhi ya kusahau na ambayo yanaweza kudhibitiwa.

Njia moja inayotajwa ya kuilinda kumbukumbu ni mazoezi ya ubongo kwa kompyuta, nayo si upuuzi. Utafiti wa ACTIVE wa Marekani, ulioanza 1998, ulihusisha wazee 2,802. Waliozoezwa kutambua upesi picha zinazopita kwenye skrini walionekana, baada ya miaka 10, kuwa na hatari ya maradhi hayo iliyopungua kwa asilimia 29. Waliofundishwa mbinu za kukariri hawakupata kinga hiyo. Basi si kila mchezo wa simu ni tiba, na mwaka 2016 wenye Lumosity, programu ya michezo ya ubongo, walikubali kulipa dola milioni 2 huko Marekani kwa kutangaza faida wasizoweza kuzithibitisha. Anayetaka kuleta programu Kinama alete kwanza ushahidi, tena kwa Kirundi na Kiswahili. Mzee asiyejua Kifaransa asipimwe akili kwa Kifaransa.

Lakini wizara ya afya, vituo vya afya vya tarafa ya Ntahangwa, ambamo Kinama imo, na hospitali ya chuo kikuu iliyo jirani, Kamenge, hawana ruhusa ya kukaa wakisubiri kompyuta. Kila mzee wa sukari apimwe kumbukumbu anapokuja kliniki, na anayeyumba aitiwe ndugu wa kumsimamia. Familia nazo zitoe mtu, hata mjukuu anayejua kusoma. Daftari moja lenye tarehe, saa, kipimo cha dawa na jina la aliyeshuhudia halihitaji umeme wa shirika la REGIDESO. Linaweza kuanza Jumatatu.